Mfinyanzi Hulia Gae, Mimi Hata Gae Sina

Hapa Mikindani mwanamume kufinyanga vyungu tayari ni kesi. Mabibi wanakuangalia mikono, halafu wanaangaliana. Sasa mwanamume huyohuyo aonekane saa tano za usiku kasimama mbele ya tanuri, anatupia chumvi motoni. Kwetu chumvi motoni ni dawa ya husuda. Basi mtaa mzima unajua: namchoma mtu.

Jamani, nielewane nanyi. Tanuri likifika nyuzi 1,250 hivi, chumvi hugeuka mvuke, sodiamu yake ikadaka silika, yale madini ya mchanga yaliyomo kwenye udongo, na chungu kikajivika kioo chenye vipele kama ganda la chungwa. Wajerumani wa bonde la Rhine wamefanya hivyo karne na karne. Sijui kama kuna aliyeitwa kwa mjumbe. Mimi niliitwa.

Mara ya kwanza nilitumia udongo wetu mwekundu wa bondeni. Bibi yangu alikuwa anauchoma uwanjani kwa kuni na makuti, na chungu chake tunapikia mpaka leo. Lakini moto wa uwanjani haufiki hata nyuzi 1,000. Nilipofungua tanuri langu, vyungu 12 vimelala chali kama sukari guru iliyosahaulika juani. Nikaagiza udongo mweupe wa Pugu. Nauli yake tuiache.

Mara ya pili vyungu vilisimama, ila nilibania vile vidonge vya kaolini, udongo mweupe, vinavyowekwa chini ya kitako kisigande. Chumvi haichagui, inapaka chungu inapaka na rafu ya tanuri inayokibeba. Nikavuta, kitako kikabaki. Nikagonga nyundo, rafu ikapasuka. Wahenga waliosema mfinyanzi hulia gae, wao angalau gae walikuwa nalo.

Halafu moshi wake! Mweupe, una asidi, unakaba koo na kula mabati. Jirani kaezeka bati jipya kwa pesa ya korosho, sasa limeanza madoa. Namwambia ni upepo wa bahari. Ananitazama tu.

Nikahamia magadi, maana yenyewe hayatoi asidi ile. Nikayakoroga kwa maji ya moto, nikanyunyiza kwa bomba la kupulizia mikorosho. Bakuli likatoka zuri, wallahi, pembeni rangi ya embe bivu. Asubuhi nasikia jikoni, "Baba watoto, magadi yangu ya mlenda yako wapi?" Nikamletea bakuli. Akaligeuza, akaligonga kwa ukucha, akanirudishia. "Haya, lichemshe ule."

Jana nikapata mteja, katoka Mtwara mjini kwa bodaboda. Nikafuta vumbi mabakuli yote, nikampangia kwenye mkeka. Hakuyatazama. Akanisogelea sikioni:

"Mzee, nimeambiwa chumvi yako kali. Nipimie ya elfu mbili."

Nikampimia. Ndiyo mauzo yangu ya kwanza tangu Ramadhani.