Mama na Paa la Jirani

Mamangu kazaliwa Kilifi na kukulia chini ya makuti, kwa hiyo akiona paa bovu halali. Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Majirani zetu wa Chicago hawakulijua.

Tunakaa West Rogers Park, mtaa wenye Wayahudi wengi, na vuli ya huku ina shamrashamra zake. Majani yanaanza kupukutika, watoto wanachovya matofaa kwenye asali kwa Mwaka Mpya wao, inafuata Siku ya Upatanisho ambayo wakubwa hufunga, na siku tano baadaye ni Sikukuu ya Vibanda, yaani Sukoti. Hapo kila ua unaota kibanda. Wanakiita sukka, na hula humo siku saba kukumbuka safari ya jangwani baada ya kutoka Misri.

Jirani aliwaita wanangu wakasaidie kupamba. Walikata karatasi za rangi, wakaunga minyororo mirefu, wakachora makomamanga, gundi ikawaganda mpaka kwenye nyusi. Mama, aliyekuja kututembelea, alikaa pembeni akitazama. Hakuitazama hiyo minyororo. Alitazama juu.

"Paa lao bado halijaisha."

"Limeisha, Mama."

"Mbona naona mawingu?"

Nikamweleza nilivyoelezwa: paa la sukka ni la mimea iliyokatwa, matawi au mianzi. Kivuli kizidi jua, lakini nyota zionekane, na mvua ikinyesha ipite. Mama akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Watu na elimu yao yote hii! Hata banda la kuku la marehemu shangazi yako halikuvuja."

Mume wa jirani akajaribu kumchangamsha kwa kumwonyesha etrogi, tunda linalofanana na limau kubwa lenye ngozi ya mabonde, ambalo hushikwa pamoja na kuti la mtende, mihadasi na mierebi. Tunda moja zuri linaweza kufika makumi ya dola. Mama akalinusa, akafumba macho, akaniuliza kama sikukuu ikiisha watatuachia tutie achari. Nilimkanyaga mguu.

Mchana wa mkesha yakaanza manyunyu, baadaye mvua yenyewe. Mimi nilikuwa kazini. Mama akaling'oa turubai letu la buluu linalofunika baiskeli, akamwita mwanangu mkubwa ashike ngazi, akaifunika sukka ya watu na kuifunga pembe zote nne. Babake Mama alikuwa baharia wa jahazi, na mafundo aliyomfundisha ni ya kuzuia tanga wakati wa kusi. Wenyewe walikuwa ndani wakioga na kupika. Jua likazama, sikukuu ikaingia.

Wakatoka na suti zao, mikate yao na sufuria la supu. Wakainua macho kutafuta nyota. Buluu tupu.

Jirani akasogea kwenye ua wetu. "Mvua imekatika," akasema.

"Afadhali," nikamjibu.

"Watoto wangu wanapenda sana kuona nyota wakiwa wanakula."

"Nyota ni nzuri kwa watoto."

Akameza mate. "Turubai lenu ni imara mno."

"Ahsante! Tulilipata kwa bei ya chini."

Kule nyuma mumewe akakohoa kikohozi kirefu. Mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye "good morning", akauliza mwanamke anasema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akajipiga paja.

"Ala! Nimekusomesha mpaka chuo kikuu na fumbo la wazi hivi linakupita? Anataka turubai litoke!"

"Si angesema?"

"Muungwana hasemi."

Baadaye nilielezwa kwamba sikukuu ikishaingia hawaruhusiwi kufungua fundo gumu kama lile, wala kumwagiza asiye Myahudi awafungulie. Kutaja tu kwamba mvua imekatika, hilo halina dhambi. Mama hakuhitaji maelezo. Huyu ni mtu aliyegombana na jirani mmoja miaka na miaka kwa maandishi ya leso tu, bila kufungua kinywa.

Akapanda ngazi. Kamba zilikuwa zimelowa na kuvimba, akafungua kwa kucha, kisha kwa meno. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba mvua ya mchana kutwa ilikuwa imetuama mle katikati ya turubai. Fundo la tatu lilipoachia, bwawa zima likashuka kupitia lile paa, ambalo lilivuja barabara kama sheria inavyotaka. Supu ikafurika. Minyororo ikachuja nyekundu na kijani juu ya kitambaa cheupe. Kofia nyeusi ya mume wa jirani ikajaa ukingoni kama sinia.

Kimya. Bwana yule akaivua kofia, akaimwaga taratibu, kisha akasema wazee wao waliandika kwenye Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, kwamba mvua ya Sukoti ni kama mtumwa aliyekwenda kumjazia bwana wake kikombe, bwana akammwagia maji usoni.

Nikamtafsiria Mama kule juu ya ngazi. "Mwambie mimi pia nilikuwa najaza kikombe," akasema, na hapo ndipo walipoangua kicheko.

Katikati ya sikukuu ile familia hutoka matembezi, nasi tukaalikwa kwenda nao Field Museum, jumba la makumbusho la hapa Chicago. Watoto wakakimbilia mifupa ya dinosau anayeitwa Sue. Mama nikampeleka kwa simba wa Tsavo, wale wawili waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 hadi Patterson, mhandisi wa reli hiyo, akawaua. Ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwake miaka 25, kabla ya kuuzwa hapo mwaka 1924 kwa dola 5,000. Ni madume yasiyo na manyoya ya shingo. Mama akawaamkia hivyo hivyo: "Hamjambo, watu wa kwetu?"

Jirani akaja kusimama kando yetu, akawatazama kwa huruma. "Wako mbali sana na kwao," akasema.

Nikatafsiri. Mama akainama, akazichungulia pembe za kabati la kioo, moja baada ya nyingine.

"Mwambie nimemwelewa," akaninong'oneza. "Lakini hawa wamefungwa kwa skrubu."