Kabla ya kulipa tiketi, omba namba ya tarakimu 13

Lubumbashi, mtu akitaka kwenda Guangzhou au Dubai kutafuta mali, swali lake la kwanza ni hili: nani anauza tiketi kwa bei ya chini? Swali si baya, ila halimhusu sana wakala. Nauli inapangwa na kampuni ya ndege. Ajansi inaweka ada yake juu. Makuta hayo ya ziada unamlipa mtu asome masharti kabla hujatoa dola, na apokee simu mambo yakiharibika ukiwa katikati ya njia.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi wanaanguka. Mkongomani ana jina, postnomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza), na fomu nyingi za intaneti zina visanduku viwili tu. Kila mtu anakata anavyoona: huyu anaacha postnomu, yule anaibandika kwa prenomu. Wakala anayejua kazi hakuulizi unaitwa nani. Anafungua paspoti, anashuka mpaka ile mistari miwili ya chini yenye alama <<<, ananakili herufi kwa herufi: yaliyo kati ya COD (herufi za nchi ya Kongo) na alama mbili << yanaingia kisanduku cha jina la ukoo, yanayofuata yanaingia kingine. Kosa likionekana siku ileile, kwa kawaida wakala anaweza kufuta tiketi na kutoa nyingine bila hasara. Kesho yake, kulirekebisha ni faini, au tiketi mpya. Kwa hiyo soma karatasi ukiwa bado umekaa mbele ya meza yake, si jioni nyumbani.

Kisha kuna tiketi za kuunganisha mwenyewe. Unaona Lubumbashi–Nairobi kwa bei nzuri, unaona Nairobi–Guangzhou kwa bei nzuri, unalipa zote mbili kila moja peke yake. Kwenye simu umeokoa dola. Lakini ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili inakuhesabu kama abiria ambaye hakufika, na haina deni lolote kwako. Mizigo nayo haipiti moja kwa moja: unaipokea, unapita uhamiaji, unapanga foleni upya, na nchi nyingine hapo zinataka viza. Safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja, ukikosa ndege kwa sababu ya kuchelewa kwao, ni juu yao kukutafutia nyingine. Wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kupandia ndege Ndola, Zambia, nao wapige hesabu vizuri: gari, mpaka, foleni ya malori, pengine usiku mmoja wa hoteli. Mara nyingine faida inabaki. Mara nyingine inaishia barabarani.

Sasa wauzaji wa WhatsApp. Wanakutumia karatasi yenye jina lako, saa za ndege na namba ya siri ya herufi na tarakimu, jumla sita. Hiyo ni rezervasheni tu. Isipolipiwa kabla ya muda wake, mfumo unaifuta bila kukuambia. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, na tatu za kwanza ni za kampuni: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Omba namba hiyo, kisha ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni uhakikishe. Na hata tiketi halisi inaweza kufa: ikiwa imelipiwa kwa kadi ya benki ya wizi, mwenye kadi akilalamika inafutwa, na abiria anaambiwa akiwa uwanja wa ndege wa Luano, valizi mkononi. Ndiyo maana tunapendelea ajansi yenye mlango, risiti yenye mhuri, na mtu anayepatikana hata Jumapili.

Kwa Kinshasa kwenda na kurudi, bila viza wala kubadilisha ndege, ofisi ya kampuni yenyewe inatosha. Ada ya wakala hapo haina kazi kubwa.

Kwa safari ya mbali, mpime kwa maswali anayokuuliza. Je, amekagua kama paspoti ina miezi sita mbele? Ameuliza tarehe ya chanjo ya homa ya manjano? Cheti kinaanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 ni cha maisha yote, kwa hiyo asikutume kuchanjwa tena bure. Amekuambia kubadilisha tarehe ni kiasi gani, na kutotokea kabisa ni kiasi gani? Mfanyabiashara anayerudi na mali aulize pia idadi ya vipande, siyo kilo tu: kilo 46 kwenye mfuko mmoja si sawa na mifuko miwili ya kilo 23. Kipande cha ziada mara nyingi ni nafuu kikilipiwa mapema kuliko kaunta.

Mzigo usipofika, jaza fomu ya malalamiko kabla ya kutoka uwanjani, ubaki na nakala. Kwa sheria ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa safari za ndege, mzigo ulioharibika unadaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Mpelekee wakala nakala hiyo pamoja na vipande vya tiketi ya mzigo. Barua ya kudai aiandike yeye.