Na taishokoto yetu je?
Nimesoma mlivyoandika kuhusu mtunzi anayeweka muziki na michoro kwenye intaneti ili mtu akibofya picha ijibu kwa sauti, na nimempenda. Ila jambo lenyewe si geni: William Duckworth na Nora Farrell wa Marekani walianza mradi wa aina hiyo mwaka 1997. Mimi nauliza, taishokoto, ile ala ya nyuzi ya taarabu, je? Ala ina vitufe kama taipureta, imezaliwa kubofywa! Marehemu ami yangu alikuwa nayo hapa Kibokoni, Mombasa. Kitufe kimoja kilikatika, akabandika kifuniko cha soda. Sauti ile, na mkwaruzo wake, ndiyo naitaka huko kwenye intaneti. Lakini tafadhali isile bando, maana kwetu huku video moja tu, shilingi hamsini zimekwenda.