Mikono ya bibi ibaki, nguvu zipungue

Nyumba nyingi za Pwani, mtoto akishazaliwa, tui huinjikwa jikoni likachemka mpaka maji yakauke na mafuta yaelee. Hayo ndiyo atakayokandwa mpaka arobaini ipite. Halafu mama anakwenda kliniki na kuambiwa kwa mkato aache mambo ya kizamani. Kauli hiyo siipendi hata kidogo. Inamfunga mama mdomo tu, na nyumbani kukanda kunaendelea kimyakimya, mazuri na mabaya yake pamoja.

Mbona hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, limeruhusu mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia na mwenye afya akandwe mwili mzima polepole, kwa kuwa huenda kukamsaidia kukua? Mafuta ya kumpaka mtoto huyohuyo kila siku ili kuzuia magonjwa ya ngozi, ndiyo halikuyapendekeza. Mimi hapo naona sifa tunazoyapa mafuta, nyingi ni za mkono.

Njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, ana habari yake. Ngozi yake nyembamba hupoteza maji na joto upesi, na vijidudu hupenya kwa urahisi. Katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh, njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Lakini huyo apakwe kwa maelekezo ya wanaomtibu, na kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi kusiachwe kwa sababu ya mafuta. Wala si kila mafuta yanafaa. Ya zeituni, tunayoyaheshimu sana, yalipojaribiwa Uingereza kwenye ngozi ya watu wazima yaliidhoofisha.

Kinachoniumiza roho ni yale yanayofuatana na kukanda. Mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, anaweza kuvimba matiti kwa sababu ya homoni alizopata kwa mama yake. Uvimbe huo hutulia wenyewe. Sasa mtu anayashika kwa vidole viwili na kuyakamua ati atoe maziwa, mtoto analia mpaka sauti inakauka, na mwisho titi linaweza kutunga usaha. Mwingine anamdondoshea mafuta puani; yakishuka mapafuni yanaleta nimonia. Kitovu kinapakwa, wakati kinatakiwa kikauke. Kuna na kumning'iniza kwa mkono mmoja "anyooke". Hayo yote yaachwe, leo hii.

Bibi anayejua kazi huyamimina mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yapate joto, ndipo amguse mtoto, mlango umefungwa upepo usiingie. Akiona mtoto anakunja uso, anapunguza mkono. Wauguzi, siku mama anaruhusiwa kutoka wodini, mwiteni na bibi. Mwambieni palepale kipi aendelee nacho na kipi aache, kwa heshima, maana ndiye atakayemshika mtoto kesho asubuhi.