Nimefuata dawa, sikufuata mahubiri

Jamani, muuza dawa wa mtaani kwetu kanichosha. Dada anaingia famasi, anasogea kaunta, anaulizia P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa sauti ya chini. Jamaa anamkagua kidole kama kina pete, halafu anapaza sauti foleni nzima isikie: "Dini yangu hainiruhusu kuua."

Kuua nani? P2 ni levonorgestrel, kazi yake ni kuzuia au kuchelewesha yai lisitoke. Mimba ikishatunga, kidonge hicho hakiitoi. Haya si alifundishwa darasani? Cheti chenyewe kakitundika ukutani, tena kwenye fremu!

Imani yake sina ugomvi nayo. Hataki kuuza, basi amwite mwenzake aliyeko stoo, au aelekeze duka lingine upesi. Dawa yenyewe inatakiwa ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Mjini utavuka barabara upate kwingine. Kijijini duka ni hilohilo, linalofuata ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi.

Kondomu, lakini, kazipanga mbele kabisa karibu na bigijii, na wanaume wananunua wala hawahubiriwi.