Ng'ombe wawili wa Norway na zizi la babu

Wiki iliyopita kazini limetokea jambo dogo, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee hapa Trondheim. Mama mmoja wa miaka 91, ambaye mimi ndiye ninayempelekea chai ya asubuhi, alinishika mkono akasema njoo nikuonyeshe watu wangu. Akachukua kishikwambi chake, akafungua Digitalarkivet, tovuti ya nyaraka za taifa lao ambayo haidai hata senti, na chai haijapoa tukawa tunamsoma babu wa babu yake kwenye sensa ya 1875. Hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa kukaa kwenye kipande cha shamba la mwingine na kulipa kwa jasho. Lakini yumo: yeye, mkewe, watoto, na pembeni ng'ombe wawili, kondoo, na viazi alivyopanda mwaka ule.

Ng'ombe wawili! Babu yangu alikuwa na zizi ambalo kwetu Mwanza, Kigongo hadi Bukumbi, walilijua, na leo hakuna karatasi hata moja duniani inayosema alikuwa nalo.

Najua, ndugu zangu, mmeshaanza kunisema. "Huyu naye, miaka tisa Ulaya, sasa anatupimia kwa kipimo cha Wazungu." Nisikilizeni. Sisemi wao ni watu kuliko sisi. Nimemnyanyua huyo mama kitandani kwa mikono yangu, najua ni mtu kama shangazi yangu. Ninachosema ni kwamba fukara wao kaandikwa na tajiri wetu kapotea, na hilo linaniuma.

Kuna atakayesema wenzetu wana majina ya ukoo, sisi kila kizazi kina jina jipya, utamfuataje mtu? Si kweli. Wakulima wa Norway nao walikuwa wakiitwa kwa jina la baba, Olsen ni mwana wa Ole, kama sisi Wasukuma tunavyosema ng'wana Shija, mwana wa Shija. Mtu akihama shamba, na jina la shamba linabadilika. Sheria ya kuwataka wawe na jina la familia la kudumu ilikuja 1923. Walikuwa na vurugu ileile yetu, ila kulikuwa na mtu mwenye kalamu.

Na msiniambie kwetu kalamu haikuwepo. Mapadri Weupe walifungua misheni Bukumbi mwaka 1883. Mkatoliki yeyote wa Mwanza anaijua namba yake ya LB, yaani ya kitabu cha ubatizo, tunaitafuta siku ya kufunga ndoa kisha tunaisahau. Nyuma ya namba ile kuna mstari mzima: jina, jina la baba, jina la mama, msimamizi, na pembeni wameongezea kipaimara na ndoa. Maisha ya mtu katika mstari mmoja, kwa Kilatini. Desemba nilipokuja likizo nilionyeshwa mstari wa babu. Padri ameandika jina la mama yake babu kama alivyolisikia, jina lenye ng' kaliandika kwa n tupu, lakini nililitambua, na nilisimama pale nikashindwa kusema.

Kwenye ofisi nyingine, ambayo siitaji, nilikwenda mara tatu. Mwenye ufunguo hayupo. Njoo Jumatatu. Mnajua wenyewe.

Ila kigumu zaidi ya ofisi ni sisi ndugu. Nilipomuuliza shangazi habari za kina babu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Unaumwa, baba?" Kwa sababu kwetu mtu haanzi tu kuuliza majina ya waliokufa. Anayeuliza ametumwa na mganga, ameambiwa masamva, mizimu ya ukoo, wanamdai. Na kama haumwi, basi anataka shamba. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza ni eka ngapi ninazozifuatilia. Ilinichukua siku mbili za kukaa naye chini ya mwembe, tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndipo akaamini nataka majina tu.

Na majina yakaja! Hapa ndipo ninapojivuna na sitaomba radhi. Baba yake babu aliitwa Shija. Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha, kwa hiyo kabla yake walikuwepo Kulwa na Doto, watoto wawili ambao hakuna mtu aliye hai anayewakumbuka, na jina la mdogo wao limewabeba zaidi ya miaka mia. Sensa ya Norway haina uwezo huo. Mwaka wa kuzaliwa babu shangazi hakuujua, ila alijua kwamba ni mwaka ambao treni ilifika Mwanza. Basi ni 1928. Yeye mwenyewe alikuwa binti mdogo Ziwa Victoria lilipokula mashamba, na kweli kati ya 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita mbili. Matongo ya Shija, pale mji wake ulipokuwa, yako humo chini. Alizikwa zizini kama mwenye mji anavyozikwa, na zizi limemezwa. Waliobaki walihamishwa tena na Operesheni Vijiji miaka ya 1970, wakaacha minyaa ya ua imesimama peke yake.

Kwa hiyo akilini mwa shangazi mmoja kuna kitabu kizima, na kitabu hicho kina presha na kisukari. Nani kati yetu amekaa naye na kaunta buku? Tuko wajukuu ishirini na zaidi. Tunachanga harusi, tunachanga msiba, turubai, spika, sare za kitenge, na siku ya mazishi tunasoma wasifu wa marehemu wenye mistari minne, mmoja wapo umekosewa.

"Rudi basi uandike mwenyewe." Nimelisikia, na lina haki yake. Nawaogesha wazee wa watu huku wa kwetu nawasikia kwa simu. Ndiyo maana nalia na ninyi mlioko karibu.

Mdogo wake babu alivuka kwenda Geita miaka ya 1950 kutafuta malisho. Yuko hai, anakaribia miaka 90, na juzi shangazi kaniambia hali yake si nzuri. Yeye ndiye pekee aliyemwona Shija kwa macho. Zamani mngenitajia foleni ya kivuko, lakini daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, unavuka kwa dakika chache. Nauli nimeshamtumia binamu leo asubuhi, pamoja na hela ya sukari ya mzee. Aende Jumamosi, simu iwe na chaji, amuulize kwanza habari za Kulwa na Doto.