Rukmini Devi: aliiokoa ngoma au aliihamisha nyumba?

Mylapore Gowri Ammal alikuwa mchezaji ngoma wa hekalu la Kapaleeswarar, Madras, jiji ambalo leo linaitwa Chennai. Kwake walipita wanafunzi wawili waliokuja kuvutana miaka mingi juu ya kile alichowafundisha. Balasaraswati, aliyezaliwa 1918, alitoka katika ukoo wa wanamuziki na wachezaji. Bibi yake, Veena Dhanammal, alikuwa bingwa wa vina, ala ya nyuzi ya India. Rukmini Devi alizaliwa Madurai mwaka 1904 katika nyumba ya Kibrahmini, tabaka la juu la Wahindu ambalo kwa binti yake kufunga njuga ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Rukmini Devi ndiye anayesimuliwa kama mwokozi wa bharatanatyam, ngoma ya kale ya India kusini, na kisa chake ni kitamu kweli. Mwaka 1920 aliolewa na George Arundale, Mwingereza wa Jumuiya ya Theosofia (chama cha watafutaji wa hekima ya dini zote) aliyemzidi umri kwa miaka 25, na Wabrahmini wa Madras wakawaka. Katika safari zao akakutana na Anna Pavlova, malkia wa baleti kutoka Urusi, ambaye alimhimiza aitafute ngoma ya kwao. Mwaka 1933 akaitazama sadir, kama ngoma hiyo ilivyoitwa zamani. Akaingia kujifunza kwa Gowri Ammal na kwa manju mkubwa, Meenakshi Sundaram Pillai wa Pandanallur. Na mwishoni mwa 1935 akacheza hadharani Adyar, makao makuu ya Jumuiya hiyo mjini Madras, akiwa na miaka 31. Mwaka uliofuata alianzisha chuo cha Kalakshetra.

Neno "kuokoa" ndilo linalonikwama kooni. Kuokoa kutoka mikononi mwa nani?

Sadir ilikuwa mali ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mungu wa hekalu. Hawakuolewa na wanaume wa kawaida, ila wengi waliishi na wafadhili matajiri na kuzaa nao. Walirithi, walimiliki mali, walisoma wakati wanawake wengine hawasomi. Lakini tusiwachoree picha ya pepo. Msichana aliwekwa wakfu akiwa mtoto, hakuulizwa, na fedha za majumba ya kifalme zilipokauka chini ya Waingereza wengi walibaki wakiwategemea wanaume waliowatumia wapendavyo. Daktari Muthulakshmi Reddy, aliyeongoza vita vya kisiasa dhidi ya desturi hiyo, mama yake mwenyewe alitoka katika jamii hiyo. Huyo huwezi kumwambia kwamba hakuelewa. Sheria aliyoipigania ilipitishwa Madras mwaka 1947: kuwaweka wakfu wasichana kukapigwa marufuku, na kucheza kwao hekaluni vilevile.

Kwa hiyo ngoma haikufa kwa uzee. Ilikuwa inafungiwa mlango, na wakati huohuo mlango mwingine ukifunguliwa kwa mabinti wa tabaka la juu. Rukmini Devi hakuitunga sheria ile, wala si haki kumbebesha. Ila ngoma aliyoipeleka jukwaani aliipunguza. Nyimbo za padam ambamo mwanamke anamlilia mpenzi wake waziwazi, anamwonea wivu, anamkumbuka kitandani, alizichuja. Akaweka ibada mbele. Alibuni mavazi mapya na kusimamisha sanamu ya Shiva anayecheza jukwaani. Wanamuziki, waliokuwa wakisimama nyuma ya mchezaji na kumfuata hatua kwa hatua, wakakalishwa pembeni. Na baada ya muda wanafunzi wake wenyewe wakafundishwa kushika matoazi, kazi iliyokuwa ya ukoo wa mamanju.

Wanaomtetea wana hoja, nami siidharau. Katika hali ya wakati ule, ngoma yenye jina baya isingepata wanafunzi, ukumbi wala mlipaji. Alipopanda jukwaani yeye, mke wa kiongozi wa Theosofia, wazazi wengine waliona inawezekana. Mamanju wa ukoo walipata kazi ya kufundisha pale ambapo mahekalu yaliwafungia. Wala hakuwa mtu wa kutafuta vyeo: mwaka 1977 Waziri Mkuu Morarji Desai alitaka awe mgombea wa urais wa India, akakataa.

Lakini hoja hiyo ina tundu, na jina lake ni Balasaraswati. Yeye alicheza kwa mara ya kwanza mwaka 1925, hekaluni Kanchipuram, akiwa na miaka saba. Hakuchuja kitu. Alishikilia kwamba mapenzi, shringara, ndiyo moyo wa ngoma hiyo, na kwamba anayeyaona machafu uchafu ameuleta mwenyewe. Alikuwa mnene kiasi, mavazi yake hayakuwa na madoido, lakini akikaa tu akaimba mstari mmoja na kuufasiri kwa macho na vidole, ukumbi ulinyamaza. Mwaka 1962 Wamarekani walimwona kwenye tamasha lao la ngoma la Jacob's Pillow, mwaka uliofuata akacheza Edinburgh, Uskoti. Satyajit Ray, mwongozaji filamu mashuhuri wa India, akamtengenezea filamu. Ngoma ambayo haikusafishwa iliweza kusimama mbele ya dunia nzima bila kuonewa aibu.

Hapo ndipo ninapoegemea. Rukmini Devi alijenga chuo, na chuo chema. Bunge la India lilikitangaza mwaka 1993 kuwa taasisi ya umuhimu wa kitaifa. Kwamba bila kuichuja ngoma ingepotea, hilo Balasaraswati amelikanusha kwa mwili wake. Kilichokosekana kilikuwa nafasi, na nafasi walipewa wengine. Mabinti wa ukoo wenyewe, wengi wao, waliozwa na kufundishwa kuficha walikotoka, hata wajukuu wakakua bila kujua kwamba bibi aliwahi kufunga njuga.

Gowri Ammal naye alikuja kufundisha Kalakshetra, hatua zilezile za hekaluni, kwa mabinti ambao mama zao wasingemkaribisha ndani miaka 20 nyuma.